UZI: Mercedes lilikuwa jina la binti kabla halijawa la gari

Mshika Kamusi

Wakuu, heshima kwenu.

Jumapili iliyopita nusura kikao cha ukoo kivunjike kwa sababu ya jina. Mdogo wangu kajifungua salama, mtoto wa kike, na yeye na mumewe wakatangaza kwamba mtoto ataitwa Mercedes. Baba mdogo alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe kwenye kisosi taratibu, akafuta masharubu, akauliza: "Mtoto wa mtu mnampa jina la gari? Akija wa pili si mtamwita Scania?" Sebule nzima ikaangua kicheko. Mama mtoto akainuka akaenda chumbani, hakutoka mpaka wageni walipoondoka.

Baba mdogo asichokijua ni kwamba mdogo wangu hakuliokota jina hilo barabarani. Alisomea ukunga kwenye hospitali moja ya misheni, na aliyemfundisha kumzalisha mama ambaye mtoto katanguliza miguu alikuwa sista wa Kihispania mwenye jina hilohilo.

Nikajitwisha kazi ya kufuatilia jina limetoka wapi, ili kikao kijacho niende na hoja. Nimekuta mambo ambayo sikuyategemea, nikaona niyalete hapa kwanza mnichane nyie kabla baba mdogo hajanichana.

Kwa ukamilifu wake jina hili ni María de las Mercedes, yaani Maria wa Rehema, au Maria wa Fadhila ukipenda. *Merced* ni neno la kawaida la Kihispania, hisani anayotendewa mtu bila kustahili. *Mercedes* ni wingi wake. Binti anayeitwa Mercedes anaitwa Fadhila, basi, na fadhila zenyewe si moja.

Huko Hispania akina Maria kwa karne nyingi walikuwa wengi kupita kiasi. Ukiita Maria sokoni wanageuka ishirini. Kwa hiyo mtoto alipewa Maria pamoja na sifa mojawapo ya Bikira Maria, na kwenye matumizi ya kila siku Maria akadondoka, ikabaki sifa. Ndiyo maana wana wanawake wanaoitwa Dolores (Uchungu), Consuelo (Faraja), Soledad (Upweke), Remedios (Tiba), Pilar (Nguzo). Na msidanganywe na herufi ya mwisho: Consuelo, Rosario, Amparo na Socorro yanaishia na -o kama ya wanaume, lakini ni ya akina mama.

Hatuko mbali nao. Sisi tuna Faraja, Neema, Tumaini, na tuna akina Tabu na Shida ambao hawajawahi kumshangaza mtu. Ila Shida wetu kaitwa hivyo kwa yaliyompata mama yake wakati wa mimba, na Dolores kaitwa kwa yaliyompata Maria chini ya msalaba.

Naendelea, nakunywa maji kwanza.

Fundi Spana

Siti ya mbele nimeshika. Mimi mwaka wa kumi na mbili huu nafungua Benzi, leo ndio naambiwa nilikuwa namfungua Fadhila. Shusha nondo mkuu.

Mama Kulwa

Sasa kama maana yake ni Rehema, si mwiteni Rehema yaishe? Mnajitafutia ugomvi wa bure.

Mshika Kamusi

Mama Kulwa, shikamoo. Ningekubali, ila Mercedes ina kitu ambacho Rehema haina. Rehema ni Kiarabu, *rahma*, na mzizi wake ni uleule wa *rahim*, tumbo la uzazi. Ni huruma iliyoanzia tumboni mwa mama. Mercedes haikuanzia huko. Ilianzia sokoni.

Kwenye Kilatini *merx* ni bidhaa na *merces* ni ujira, malipo ya kazi au bei ya kitu. *Mercado*, soko kwa Kihispania, ni wa ukoo huohuo. Wakristo wa zamani walilichukua lile neno la ujira wakalitumia kwa thawabu anayotoa Mungu. Thawabu ikasogea ikawa fadhila, fadhila ikasogea ikawa huruma. Wafaransa wakachonga *merci* yao ya kusema asante. Waingereza wakapata Mercy. Kwa hiyo hao akina Mercy waliojaa Kenya, kila darasa wawili watatu, ni binamu wa Mercedes kabisa, babu mmoja.

Sasa lishikeni hilo neno bei, maana ndilo linalotupeleka Barcelona, mwaka 1218.

Bahari ya Kati wakati huo ilikuwa kamata nikukamate. Meli inatekwa, kijiji cha pwani kinavamiwa usiku, na anayechukuliwa anauzwa utumwani asipopata wa kumkomboa. Mfanyabiashara mmoja, Pedro Nolasco, alikuwa ameshaanza kutoa mali yake kuwatoa watu. Mapokeo yanasema usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti Bikira Maria alimtokea akamtaka aanzishe shirika la kazi hiyo. Tarehe 10 likazinduliwa katika kanisa kuu la Barcelona, mbele ya mfalme Jaime wa Kwanza wa Aragon, ambaye alikuwa mtoto wa miaka 10. Papa Gregory wa Tisa akalithibitisha mwaka 1235. Ndilo shirika la Bikira Maria wa Merced, na *merced* yenyewe kwa watu wa zama zile ilikuwa hasa sadaka ya kumtoa mateka.

Kiswahili kinalibeba jambo hili vizuri kuliko lugha nyingi. Kukomboa ni kutoa kitu ili kingine kirudi, na kile unachokitoa kinaitwa kikomboleo. Tumezoea kulisikia "ukombozi" kwenye hotuba na kwenye mahubiri mpaka tumesahau kwamba ni neno lenye risiti.

Watawa wa Kikatoliki hufunga nadhiri tatu: ufukara, useja, utii. Hawa wakaongeza ya nne. Fedha isipotosha, na mateka yuko hatarini kuiacha imani yake, mtawa anabaki rehani badala yake. Chukulia mtu wa kanzu nyeupe, kifuani kaweka ngao yenye milia myekundu na ya dhahabu ya Aragon, anatua bandari ya Tunis na mfuko wa sadaka. Wanahesabu. Fedha inatosha watu 30, waliosimama mbele yake ni 31. Aliyezidi anapanda meli, mtawa anabaki ufukweni.

Hapo ndipo niliposema sawa, mdogo wangu alijua anachofanya.

BintiMvita

Sawa kakangu, lakini hadithi yako yaenda na mguu mmoja. Mtu akikusoma atadhani waliotekwa ni Wakristo pekee. Waislamu nao walitekwa, wakafungwa minyororo kwenye makasia ya meli za Wazungu, na Malta palikuwa na soko lao zima. Tena kukomboa si uvumbuzi wa Barcelona. Soma Sura At-Tawba aya ya 60, kuwatoa watu utumwani ni fungu mojawapo la zaka. Na neno fidia mlilonalo kwenye Biblia zenu ni Kiarabu.

Mshika Kamusi

Dada, sina cha kukataa. Na nikuongezee: Hispania yenyewe walikuwa na mkombozi rasmi, mtu aliyeaminiwa na pande zote mbili, anavuka mpaka na fedha anarudi na watu. Sheria za mfalme Alfonso wa Kumi za karne ya 13 zinataja sifa zake: awe mkweli, asiwe na tamaa, ajue lugha za pande zote, awe na mali yake mwenyewe. Cheo chake kiliitwa *alfaqueque*. Hilo ni Kiarabu, *al-fakkak*, mfunguaji. Kwa hiyo hata jina la kazi waliazima ng'ambo ya pili.

BintiMvita

Hapo sasa tumeelewana. Na mimi nikupe moja ya kwetu. Ulisema huyu Bikira wao ni wa wafungwa?

Mshika Kamusi

Ndiyo, mpaka leo ndiye msimamizi wa magereza ya Hispania, sikukuu yake 24 Septemba.

BintiMvita

Basi gereza letu wajuzi hulirudisha kwa Wareno, *igreja*, yaani kanisa. Fort Jesus Waingereza waliifanya jela hadi 1958. Wazee wa hapa bado huiita Ngome, lakini kuna waliokuwa wakitishia watoto "nitakupeleka gereza" huku wakiielekezea kidole.

Kijana wa Maktaba

Mleta uzi, Cervantes, yule mwandishi wa Don Quixote, si alikombolewa na watawa hawahawa?

Mshika Kamusi

Umekaribia, lakini hapana. Alitekwa baharini 1575 akirudi kutoka Italia, akakaa Algiers miaka 5, akajaribu kutoroka mara kadhaa akashindwa. Mwaka 1580 akatolewa kwa escudo 500, sarafu za dhahabu. Waliomtoa ni Watrinitari, shirika jingine la kazi hiyohiyo lililotangulia kidogo. Mashirika haya mawili yalikuwa kama mabasi ya njia moja, yanasaidiana na yanagombania abiria.

Nyongeza kabla sijasahau. Mliojifunza Kihispania mnalijua neno *usted*, "wewe" ya heshima. Zamani watu walisema *vuestra merced*, hisani yako. Likasagwa kinywani karne kwa karne mpaka likabaki *usted*. Ni kama sisi tulivyotoka kwenye kumshika mkubwa miguu tukafika shikamoo. Kila Mhispania anayemwamkia mama mkwe anatamka kipande cha Mercedes bila kujua.

Mbeba Boksi

Niko California huku, nimeshtuka. Kuna mto na mji unaitwa Merced, napita kila nikienda kazini. Ni huyuhuyu?

Mshika Kamusi

Ni huyuhuyu, mkuu. Mwaka 1806 mwanajeshi wa Kihispania Gabriel Moraga alikuwa anapita bonde hilo na watu wake, wametembea mwendo mrefu kwenye ukame, wakakuta mto. Siku zenyewe zilikuwa za sikukuu ya Bikira wa Merced, wakaupa mto jina lake. Watu wenye kiu hawahitaji kamusi kujua fadhila ni nini.

Amerika ya Kusini amekita mizizi kuliko hata Hispania. Argentina, Jenerali Manuel Belgrano alishinda vita vya Tucumán tarehe 24 Septemba 1812, siku ya sikukuu yake. Akaenda akaikabidhi sanamu ya Bikira fimbo yake ya ukamanda na kumtangaza jenerali wa jeshi. Sijui kama kuna jeshi jingine duniani lenye jenerali aliyechongwa kwa mti. Mwimbaji mkubwa Mercedes Sosa, yule wa sauti nzito na poncho, alizaliwa Tucumán hukohuko mwaka 1935.

Peru utamwona kashika pingu mkononi, zimefunguliwa.

Na Cuba ndiko kulikonigusa zaidi. Wayoruba, watu wa Afrika Magharibi, waliopelekwa kule utumwani walikatazwa miungu yao. Wakamtazama huyu Bikira mwenye nguo nyeupe, wakamwona Obatalá, mmoja wa miungu hiyo, ambaye rangi yake ni nyeupe. Wakamwabudu Obatalá mbele ya macho ya bwana wao, na bwana akadhani wanasali rozari. Mpaka leo 24 Septemba Havana watu wanavaa nyeupe, na ukiuliza wanasherehekea nani, jibu linategemea unamuuliza nani. Angalia mzunguko huo: Bikira wa kukomboa mateka, anavukishwa bahari na watu wanaomiliki mateka, halafu mateka wenyewe wanamchukua.

Fundi Spana

Mkuu tumezunguka dunia nzima, gari iko wapi? Mimi nilikuja kwa ajili ya gari.

Mshika Kamusi

Haya fundi, gari lako hili hapa.

Mwaka 1889 Vienna alizaliwa msichana, Mercédès Jellinek. Baba yake, Emil, alikuwa mfanyabiashara ambaye ujanani alikaa Morocco na Algeria, baadaye akahamia Nice, kusini mwa Ufaransa, akawa anawauzia matajiri wa pale magari ya kiwanda cha Daimler. Familia ilikuwa ya Kiyahudi. Babu wa huyo msichana, Adolf Jellinek, alikuwa rabi mashuhuri wa Vienna. Mjukuu wa rabi anaitwa kwa sifa ya Bikira Maria! Jina lilikuwa limeshakuwa zuri tu, watu hawaliulizi tena dini.

Emil alilipenda jina la binti yake kupita kiasi. Akiingia kwenye mashindano ya magari anajiandikisha "Monsieur Mercédès". Mwaka 1900 akaagiza Daimler magari 36 kwa mkupuo, kwa marki 550,000, kwa sharti kwamba litengenezwe gari jipya, refu, la chini, lenye nguvu, na liitwe Mercedes. Mhandisi Wilhelm Maybach akalichora. Machi 1901 likafagia mashindano ya Nice, kila mtu akalitaka. Mwaka 1902 jina likasajiliwa kuwa alama ya biashara. Benz, kiwanda kingine, alikuwa mshindani wakati wote huo, wakaja kuungana mwaka 1926 tu, ndipo tukapata Mercedes-Benz.

Mwaka 1903 Emil akapata kibali cha kuitwa Jellinek-Mercedes. Magazeti ya Ulaya yaliona ajabu, baba kubeba jina la mwana. Kwetu wala. Angekuwa Baba Mercedes tangu siku ya kwanza bila kuomba kibali kwa mtu.

Msichana mwenyewe hakufaidi sana. Aliolewa mara mbili, akafariki Vienna mwaka 1929 akiwa na miaka 39.

Baba mdogo analo la kulaumu bado: baada ya uhuru gari hili lilituzalia kabila jipya, Wabenzi, wakubwa wa kutembelea Benzi. Lakini angalieni, sisi tulichukua nusu ya mshindani, Benz, tukaacha nusu ya binti. Ni Wabenzi, hakuna aliyesema Wamercedes.

Mzee wa Nuksi

Mimi siku zote natazama upande wa pili. Nasikia kulikuwa na malkia wa jina hilo na hakukaa.

Mshika Kamusi

Mzee, hukosekani. Ndiyo, María de las Mercedes wa Orléans, mke wa mfalme Alfonso wa Kumi na Mbili. Walioana kwa mapenzi, jambo la nadra kwa wafalme. Ndoa 23 Januari 1878, kifo 26 Juni mwaka huohuo, siku mbili baada ya kutimiza miaka 18. Madrid nzima ililia. Lakini mzee wangu, kilichomuua ni homa. Jina halimo. Na baada yake wazazi wa Hispania waliendelea kubatiza akina Mercedes kama kawaida.

Mama Kulwa

Mwanangu umeniteka. Sasa linatamkwaje? Maana hapa kwetu kila mtu ana lake, Masedes, Mesedesi.

Mshika Kamusi

Hapa ndipo Mswahili anapomshinda Mwingereza bila jasho. Kwa Wahispania wa Madrid ile *c* ni th ya thamani, na ile *d* ya katikati inalegea inakaribia dh ya dhahabu. Kwa hiyo *mer-THE-dhes*. Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, palepale tunapouweka sisi kila siku. Amerika ya Kusini hawana th, wao ni *mer-SE-dhes*. Barcelona, kwa Kikatalani, anaitwa Mercè, na wiki ya sikukuu yake mji mzima unatoka nje. Watu wanapandiana mabegani wanajenga minara, na kilele anapanda mtoto mdogo kavaa kofia ngumu. Usiku vijana waliovaa kama mashetani wanakimbia mitaani na fataki.

Kwa kudekeza, Hispania ni Merche, Mexico na Peru ni Meche. Siku hizi huko limekuwa jina la mama na bibi zaidi, watoto wanapewa majina mafupi mafupi.

Kijana wa Maktaba

Na Guadalupe? Nalo ni la Bikira Maria?

Mshika Kamusi

Ni lake, lakini kwanza lilikuwa jina la mto. Ile *guad* ni *wadi* ya Kiarabu, kama Guadalquivir ilivyo *wadi al-kabir*, mto mkubwa. Na Almudena, Bikira wa Madrid, jina lake limetoka kwenye *al-mudayna*, kimadina kidogo, ngome. BintiMvita akisoma hapa atacheka wiki nzima. Lakini hayo ni ya uzi mwingine.

BintiMvita

Nimeshaanza kucheka.

Mshika Kamusi

MREJESHO

Wakuu, kikao kilikuwa jana. Nilikwenda na karatasi tatu. Ya Pedro Nolasco baba mdogo alisikiliza bila kunyanyua kikombe. Nilipofika kwenye nadhiri ya nne, ya mtawa kubaki ufukweni, akanikatisha akamgeukia mdogo wangu: "Huyo sista wako, ndiye aliyekaa na wewe usiku ule wa kwanza wa zamu, mama alipovuja damu?" Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa. Mzee akanyamaza. Halafu akaomba aletewe mtoto.

Akampakata, akamtazama sana, akajaribu mara mbili: Me-rse... Me-the... ulimi ukagoma. Akasema sawa, jina limepita, lisiguswe tena na mtu, cheti kiandikwe hivyohivyo.

Leo asubuhi kapiga simu kuulizia hali. Nimepokea mimi.

"Benzi ameamkaje?"